Magamba ya Wembe

Wembe wa kukunja wa kinyozi wa zamani, wa aina iliyofuliwa Sheffield nchini Uingereza na Solingen nchini Ujerumani, una ubapa wa chuma cha pua unaozunguka kwenye egemeo kati ya vipande viwili vyembamba vya pembe, mfupa, mti au plastiki. Vipande hivyo Waingereza huviita "scales", jina ambalo mfasiri mwenye haraka hulifanya mizani, kwa kuwa kamusi huweka pamoja maneno mawili yaliyoingia katika Kiingereza kwa njia tofauti: moja limetoka kwa watu wa Skandinavia likiwa na maana ya bakuli, na jingine limetoka katika Kifaransa cha kale likiwa na maana ya ganda. Linalohusu wembe ni hili la pili, na kwa Kiswahili ni gamba.

Wapo watakaosema kwamba neno mpini linatosha, lakini mpini wa jembe au wa kisu hupokea msuka, yaani ncha ya chuma inayozama ndani yake na kukazwa isicheze, ilhali shina la wembe hushikwa na ribiti moja tu na ni lazima licheze. Zaidi ya hayo, wembe ukifungwa makali yake hujificha kati ya vipande hivyo, hata vikawa mpini na ala kwa wakati mmoja. Wafaransa waliliona jambo hili, wakaviita "châsse", neno lenye asili moja ya Kilatini na kasha letu lililopitia kwa Wareno. Gamba hubeba maana zote mbili, ya kushikwa na ya kufunika. Tena lina ushahidi wa mwambao, kwani magamba ya ng'amba, kasa aliyevuliwa katika Bahari ya Hindi kwa ajili ya biashara, yalikuwa miongoni mwa malighafi zilizopendwa kwa nyembe za bei kubwa, hadi biashara yake ya kimataifa ilipozuiwa na mkataba wa CITES. Kwamba Watanzania wamelizoea neno hili katika siasa, tangu chama cha CCM kilipotangaza kujivua gamba mwaka 2011, hakulipunguzii kitu katika karakana.

Kubadilisha magamba, basi, ni kuuvua wembe yale ya zamani na kuuvisha mapya, na mara nyingi sababu yake ni selulosi yenye naitreti, yaani seluloidi, plastiki iliyoenea baada ya John Wesley Hyatt kuipatia hataza nchini Marekani mwaka 1870. Seluloidi hulainishwa kwa kafuri, ndiyo maana ikisuguliwa hunukia. Ikizeeka huoza na kutoa mvuke wenye asidi, na kutu huanza kwenye ubapa mahali hasa unapolala ndani ya magamba. Kusafisha kutu na kuyaacha magamba hayo mahali pake ni kazi bure.

Fundi hufunga makali kwa utepe, hukisaga kwa tupa kichwa cha ribiti kilichotandazwa, kisha huisukuma ribiti itoke kwa pini nyembamba bila kuyapasua magamba, ambayo atayahitaji kama kielelezo. Magamba mapya, tuseme ya mpingo, mti mzito unaozama majini, hubandikwa pamoja na kutobolewa kwa mkupuo mmoja ili matundu yalingane. Ribiti za shaba nyeupe au za njano, zenye kipenyo cha takriban milimita 1.6, hupitishwa zikiwa na washa ndogo kila upande, na ncha zake hugongwa kwa nyundo nyepesi, kidogo kidogo huku zikizungushwa, mpaka zitandae kama uyoga. Akigonga kwa nguvu, ribiti hupinda ndani ya tundu pasipoonekana.

Kwenye mkia wa magamba, mbali na egemeo, hukaa kabari, kipande kidogo ambacho katika nyembe nyingi za Kiingereza kilikuwa cha risasi ili kusaidia kusawazisha uzito wa ubapa. Kabari ndiyo inayoamua upana wa nafasi ya makali: ikiwa nene upande mmoja kuliko mwingine, ubapa hulalia gamba moja na kulikwaruza kila unapofungwa. Hapo kinachochongwa upya ni kabari, wala si ubapa kupindwa, maana chuma cha wembe kimetiwa ugumu kwa moto na kikilazimishwa huvunjika.