Neno la wiki: Maelezo

Kijana wa Ifakara amekutwa na baiskeli inayoshukiwa kuwa ya wizi. Mtaani watu wanapaza sauti: “Athibitishe ni yake!” Hapana. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtaka atoe maelezo ya kuiridhisha mahakama: aliipataje, kwa nani, lini. Kuthibitisha kosa bila kuacha shaka ni kazi ya Jamhuri, yaani upande wa mashtaka. Kwa mlalamikaji nako haitoshi kusema “ni yangu”; aonyeshe alama, kama vile namba ya fremu au keria iliyochomelewa. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hajatiwa hatiani. Ndugu msomaji wa Kilombero, ukinunua baiskeli iliyotumika, wewe na muuzaji andikishianeni mbele ya mwenyekiti wa mtaa au kitongoji.