Askari wa Tanganyika Katika Kumbi za Calcutta

Vitabu vya Vita vya Pili vya Dunia husimulia mito iliyovukwa na vilima vilivyotekwa. Juu ya siku za mapumziko havina mengi. Na hiyo ni kasoro, maana askari ni mtu hata bunduki yake inapokuwa ghalani. Hatari ya vita aliambiwa tangu siku ya kuandikishwa. Lakini yale aliyokutana nayo mjini, akiwa na fedha mfukoni na siku chache za kustarehe, hayakuwamo katika hesabu ya mtu yeyote, wala ya serikali iliyompeleka.

Ili kuupima ugeni wake, yafaa kuanza mbali na bahari. Mamba ni nchi ya Wapimbwe katika bonde la Rukwa, kusini ya mbuga ya Katavi ambayo jina lake lilipewa mkoa mpya mwaka 2012. Katika miaka ya 1940 reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda ilikuwa haijajengwa, na safari ya kuifikia reli kuu ilikuwa safari ya miguu na ya siku nyingi. Pombe katika nchi hiyo ilikuwa kazi ya wanawake. Ilipikwa kwa nafaka, ikanywewa uani, na kila mnywaji alijulikana kwa jina lake na la ukoo wake. Pombe kali ya Kizungu ilikuwa jambo jingine. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 na ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919 iliyazuia mataifa yanayotawala yasiwauzie Waafrika vileo hivyo, na sheria za makoloni zikafuata njia hiyo hiyo. Hivyo kinywaji kiligawanywa kwa rangi ya mnywaji. Mwafrika angeweza kuibeba chupa mpaka mezani pa bwana wake. Kuimimina kwa ajili yake mwenyewe kulikuwa kosa.

Watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika walitumika katika vita hivyo. Mwaka 1942 majeshi ya Afrika Mashariki yalianza kupelekwa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na mwaka 1943 ikaundwa Divisheni ya 11, ambayo ndani yake zilikuwamo batalioni za Tanganyika za King's African Rifles. Njia yenyewe ilikuwa na msiba wake. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Watu 1,297 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Waliosalimika na bahari walilikuta bonde la Kabaw huko Burma, lenye mvua, matope na malaria, wakapigana humo mpaka walipouvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba 1944.

Mtu aliyetoka katika mambo hayo akapewa livu, kama askari walivyoiita likizo, aliingia Calcutta kwa kiu isiyokuwa ya maji tu. Mji ulikuwa na daraja jipya la Howrah, lililofunguliwa mwaka 1943, na barabara ya Chowringhee yenye sinema, mikahawa, baa na kumbi za dansi zilizojaa wanajeshi wa mataifa mengi. Hapo mtu wa bara alijifunza starehe ya namna nyingine: kuketi miongoni mwa watu wasiomjua, kuagiza, kulipa na kuhudumiwa. Kwao aliuheshimu uwezo wa Mhindi mwenye duka. Hapa Mhindi maskini alimvuta katika riksho kwa mikono yake. Ngazi aliyoambiwa kwamba Mungu ameiweka, ya Mzungu juu, Mhindi katikati na Mwafrika chini, ilitikisika mbele ya macho yake bila ya mtu kutoa hotuba.

Hata hivyo haifai kuupamba mji huo kupita kiasi. Milango yake nayo ilikuwa na mabawabu. Mahoteli bora yalikuwa ya maofisa, na katika King's African Rifles Mwafrika hakupewa cheo cha ofisa. Katika Grand Hotel bendi iliongozwa na Teddy Weatherford, Mmarekani mweusi aliyekwisha kupiga piano Shanghai na Bombay, na aliyefariki kwa kipindupindu mjini humo mwezi wa Aprili 1945. Mtu mweusi aliweza basi kuwa mbele ya ukumbi akiwachezesha wengine, na askari mweusi akabaki barabarani. Jeshi la Marekani nalo lilitenga starehe za askari wake kwa rangi. Lakini kutengwa kwa pamoja kuliwakutanisha waliotengwa. Waruhiu Itote wa Kenya, aliyekuwa koplo na baadaye akajulikana kama Jenerali China, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1967 jinsi mazungumzo yake na askari mweusi wa Marekani huko Calcutta yalivyomfumbua macho.

Tena kulikuwa na jambo zito zaidi. Mwaka 1943 Bengal ilipatwa na njaa ambayo makadirio mengi huhesabu wafu wake kuwa kama milioni tatu. Wenye njaa walikuja kufa katika njia za Calcutta, karibu na milango ile ile iliyotoa harufu ya nyama na sauti ya tarumbeta. Askari aliyefurahi hapo alifurahi katika nyumba yenye matanga. Akatambua kwamba dola iliyoweza kulisha majeshi ng'ambo ya bahari iliwaacha raia wake kufa, na kwamba ukoloni haukuwa shida ya Afrika peke yake.

Vita vilipokwisha, starehe ilirudi pamoja na askari. Fundi Konde wa Kenya, aliyetumika katika kikosi cha burudani cha jeshi huko Asia, akawa mpiga gitaa mashuhuri wa nyimbo za Kiswahili. Ally Sykes wa Dar es Salaam, aliyetumika Burma pamoja na ndugu yake Abdulwahid, akawa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954. Reli ilifika Mpanda kwa ajili ya machimbo ya risasi, na mishahara ya machimbo ikaleta maisha ya mji jirani na nchi ya Mamba. Sheria ya kuwanyima Waafrika pombe kali iliondolewa katikati ya miaka ya 1950, zaidi ya miaka kumi baada ya Waafrika kuitwa kufa kwa ajili ya dola hiyo.

Ingekuwa kosa kusema kwamba uhuru ulizaliwa katika baa. Ulitokana na mengi: ardhi, kodi, shule, vyama vya wakulima na vya wafanyakazi. Lakini ubaguzi haukukaa katika vitabu vya sheria tu; ulikaa katika kiti, bilauri na mlango. Aliyekwisha kuketi mbali kama mgeni, akalipa na kuitwa bwana, hakuweza kurudi kwao akaona ni haki kusimama nje. Mwanahistoria anayeidharau starehe kuwa ni upuuzi atakosa kuelewa kwa nini watu wengi waliiona heshima kuwa haja ya kila siku, kama chakula, na si zawadi ya kungojewa.