Kupunguza Matiti kwa Upasuaji: Hukumu Yake na Yanayomngoja Mgonjwa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Sahaba zake.

Suali hili hutujia mara nyingi, na takriban kila mara huletwa na mtu mwengine: mama akimuulizia binti yake, mume akimuulizia mkewe, dada akimsemea mdogo wake. Mwenyewe huona haya. Anataka kujua iwapo mwanamke ambaye matiti yake ni makubwa mno, hata yanamuumiza, anaruhusiwa kuyapunguza kwa upasuaji, na akiruhusiwa ategemee nini.

Tuanze na maradhi, kwani wengi wetu tulikuwa tukidhani hapana maradhi hapo. Wako wanawake ambao uzito wa kifua huwavuta shingo, mabega na mgongo mchana kutwa. Kamba za sidiria huchimba mabegani mpaka zikaacha mitaro. Chini ya matiti jasho halikauki, na katika joto letu la Kaskazi ngozi huchubuka, huota fangasi, hupona na kurudi. Wengine hawawezi kulala kifudifudi wala kukimbia, na sijda yenyewe huwa na maumivu. Msichana wa skuli hujikunja mabega ili asionekane, akaacha michezo, na mwisho akaacha kutoka. Nyumbani akisema anaumwa, huambiwa hiyo ni neema, ashukuru.

Hukumu inatokana na kupambanua baina ya mambo mawili. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Mas'ud hadithi inayowalaani wanaobadilisha maumbile ya Allah kwa ajili ya uzuri, wakiwemo wanaochanja na wanaochonga meno kutia mwanya. Wanazuoni wamelishika lile neno "kwa ajili ya uzuri": kinachokatazwa ni kulibadilisha umbile lililo sawa kwa kutaka pambo tu. Ama kuondoa dhara, mlango wake ni mwengine. Sahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani, akaweka pua ya fedha, ikamnukia vibaya, na Mtume (s.a.w.) akamwamrisha aweke ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa mwanamume. Hadithi hii wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Nayo Majmau ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, iliamua kuwa upasuaji wa kurekebisha maumbile unajuzu pale unapoondoa kasoro inayomletea mtu madhara ya mwili au ya nafsi, na haujuzu unapokuwa wa kufuata matamanio na kuigiza watu.

Kwa hivyo mwanamke mwenye hali tuliyoieleza, akathibitishiwa na daktari mwaminifu, anajuzu kufanyiwa, na hiyo ni tiba kama tiba nyengine. Anayetaka kupunguza kwa kuwa ameona umbo fulani kwenye simu, hajuzu. Baina ya hao wawili wamo wengi, na hapo tunamnasihi kila mmoja aulize kwa hali yake, asichukue fatwa ya jirani.

Kabla ya kukubali, ayajue haya. Kwa msichana ambaye bado anakua, madaktari hupendelea kungoja mpaka matiti yasimame kukua, ila dhara ikiwa kubwa. Anayenyonyesha hungoja miezi kadhaa baada ya kumwachisha mtoto. Mwenye uzito mkubwa huenda akaambiwa apungue kwanza. Mwenye sukari aidhibiti, na atakayepasuliwa ataje kila dawa anayotumia, na za mitishamba pia, kwani ziko zinazozidisha kutoka damu. Aliyepindukia miaka 40 kwa kawaida hupigwa picha ya matiti kwanza, kuangalia kama pana uvimbe.

Lenye uzito zaidi ni kunyonyesha. Katika njia zinazotumika sana, chuchu huhamishwa juu ikiwa bado imeshikamana na nyama yake ya ndani, na wanawake wengi hubaki na maziwa, ingawa huenda yasitoshe. Yakiwa makubwa kupita kiasi, daktari huweza kulazimika kuikata chuchu na kuipandikiza upya. Hapo kunyonyesha huondoka na hisia pia kwa kawaida hupotea. Mwanamke ana haki ya kuuliza waziwazi, "Nitafanyiwa njia gani?" kabla ya kutia saini. Aliyeolewa alizungumze na mumewe: katika Suratul Baqara, aya ya 233, Allah ameyaweka mambo ya kunyonyesha katika mashauriano ya wazazi wawili, na akaruhusu mtoto anyonyeshwe na mwengine. Lakini mashauriano si rungu. Mume anayemwona mkewe akiumwa hana haki ya kumzuilia tiba kwa sababu yeye anapendezewa na umbo lile.

Kuhusu sitara, Majmau hiyohiyo iliamua mwaka 1993 kuwa atangulizwe daktari mwanamke Muislamu, akikosekana, daktari mwanamke asiyekuwa Muislamu anayeaminika, kisha mwanamume Muislamu, kisha mwengine. Akiwa mwanamume, asiwe naye faragha, awepo mumewe, maharimu au mwanamke mwaminifu, na kisifunuliwe zaidi ya kinachohitajiwa. Kutoka visiwani wengi huvuka kwenda Dar es Salaam, na wako wanaokwenda India. Ulizia daktari mwanamke kabla ya kukata tiketi.

Upasuaji huchukua kiasi cha saa 2 hadi 4, kwa nusukaputi. Mkato huzunguka chuchu na kushuka chini, mara nyingi ukapita pia kwenye mkunjo wa titi, mfano wa nanga. Baadhi huwekewa mirija midogo ya kutoa damu na majimaji kwa siku chache. Wengine hurudi siku hiyohiyo, wengine hulala usiku mmoja. Siku za mwanzo ni za uvimbe na maumivu yanayotulizwa kwa dawa. Sidiria maalumu ya kubana huvaliwa wiki kadhaa. Kazi nyepesi hurejewa baada ya wiki 1 au 2, ila kunyanyua ndoo ya maji, mtoto au begi la boti kungoje wiki 4 hadi 6.

Makovu yatabaki. Hufifia kwa mwaka na zaidi, ila ngozi zetu nyeusi zina tabia ya kuvimba kovu, na mwenye historia hiyo amwambie daktari. Kidonda huweza kuchelewa kupona au kuingia usaha, na mara chache chuchu hufa. Homa, titi moja kuvimba ghafla, mguu kuuma na kufura, au kukosa pumzi: arudi hospitali saa hiyo. Na shangazi zetu, tunawaomba kwa heshima: msimkande kwa maji ya moto, msimpake liwa wala manjano juu ya kidonda. Huyu hakuzaa.

Ibada hazisimami. Kifua si kiungo cha udhu, basi bandeji haiugusi udhu wake. Ni josho la wajibu ndilo lenye suala: ataosha palipo pazima, atapangusa juu ya bandeji kwa maji, na atatayamamu, kama ilivyo katika madhhab yetu ya Shafi. Asiyeweza kuinama atasali kwa kuashiria. Kunyanyua mikono katika takbiri ni sunna. Ikiwa kunavuta nyuzi, aiache. Ikiwa upasuaji utaingia baina ya Adhuhuri na Alasiri, anaweza kukusanya kwa ajili ya maradhi, kauli ambayo Imamu Nawawi aliipa nguvu, na sala iliyompita kwa nusukaputi ailipe kwa tahadhari. Ramadhani akihitaji kufungua, atalipa siku zake.

Nyama iliyotolewa huweza kupelekwa maabara kupimwa, na hilo halina ubaya. Ikirudishwa, ni sunna kuizika, bila ya kuoshwa wala kusaliwa.

Wallahu aalam.