Njia ya Juu na Njia ya Chini: Usambara kabla ya watembeza watalii

Ukisimama ukingoni mwa Irente, kama kilomita tano hivi kutoka Lushoto mjini, mlima unakatika ghafla mbele ya miguu yako. Chini kabisa, kwenye tambarare ya joto, unaona mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, na mabati ya Mazinde yanayometameta juani. Mgeni huonyeshwa nyika na upande ilipo Pare, kisha anapigwa picha, basi. Mazinde haipati hata sentensi mbili. Mimi naona ni hasara, maana historia nzima ya njia za miguu za Usambara inasomeka kwenye mteremko huo: juu ni nchi ya Vuga, chini ni kwa Semboja na bunduki zake.

Siku hizi njia hizi ni za matembezi. Zipo za siku moja, zipo za siku tatu nne kutoka Lushoto mpaka Mtae, na huko Usambara Mashariki zipo za Amani, ndani ya msitu. Lakini nyingi kati yake hazikukatwa kwa ajili ya mtu mwenye begi mgongoni na kamera shingoni. Zilikuwa za chumvi na samaki mkavu vikipanda, tumbaku na vyakula vikishuka. Zilikuwa za pembe za ndovu. Na tusifichane, zilikuwa za watumwa pia.

Kwanza tuelewe kwa nini njia za huku zinapanda na kushuka badala ya kuzunguka. Wasambaa waliigawa nchi sehemu mbili. Shambaai ni juu, kwenye mvua, migomba na baridi. Nyika ni chini, kwenye joto, homa na mwaka wa njaa usiokuwa na taarifa. Mtu mwenye akili alijenga juu, ila karibu na ukingo, ili ashuke kulima au kuwinda nyikani halafu apande kulala pasipo mbu. Ndiyo maana vijiji vingi vya zamani vimekaa kama ndege ukingoni mwa paa. Njia iliyowekwa namna hiyo haijali pumzi za mgeni. Inakwenda moja kwa moja, na magoti yako shauri yako.

Kitabu cha kuanzia ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, kilichoanza kupigwa chapa na wamisionari wa Magila, karibu na Muheza, mwishoni mwa karne ya 19. Wengi hukisoma kama hadithi ya wafalme. Ukikisoma kama kitabu cha njia utaona kingine. Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu, hana jeshi wala hazina. Ana mbwa, ana mikuki, ana nyama. Anapita kijiji hadi kijiji, anawaua nguruwe wanaoharibu mashamba, anagawa nyama, anapewa chakula cha shambani. Sifa zake zinamtangulia njiani. Akifika Vuga tayari anajulikana, na huko anakaribishwa kutawala. Iwe ni historia tupu au imetiwa chumvi, jambo moja linabaki: ukoo wa Wakilindi ulijieleza wenyewe kuwa umekuja kwa miguu.

Mjukuu wa mwanzo huo aliyetanuka kuliko wote ni Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862. Enzi zake watoto wake walitawala sehemu mbalimbali za nchi, na mkono wa Vuga ulifika mpaka pwani. Madiwani wa miji midogo ya Mrima waliangalia pande mbili: Unguja kwa Sultani, na Vuga kwa Simba Mwene. Mtu wa Tanga wa leo akicheka kwamba watu wa mlimani ni washamba, akumbuke hilo kidogo.

Ludwig Krapf alifika Vuga mwaka 1848 akitembea kutoka upande wa Mombasa, akarudi kwa kushukia Pangani. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walipanda kutoka Pangani kupitia Tongwe, kilima ambacho Sultani wa Unguja alikuwa ameweka ngome na askari wachache. Walimkuta Kimweri mzee, mgonjwa, akitaka dawa kwa wageni. Burton ana dharau nyingi, kumsoma kunahitaji subira, lakini hesabu yake ya vilima na mito inatusaidia: wakati ule ukitaka kuonana na mwenye nchi, ulipanda mlima. Hapakuwa na jinsi.

Hilo ndilo lililobadilika, tena haraka. Misafara ya pembe kutoka Pangani haikuwa na haja ya mlima. Ilifuata mto, ikapita nyikani chini ya milima kuelekea Pare na Kilimanjaro. Semboja, mmoja wa watoto wa Kimweri, alikuwa Mazinde, njiani kabisa. Misafara ilimpitia mlangoni, naye akapata nguo, baruti na bunduki. Mzee alipofariki na kiti kikaenda kwa mjukuu, Shekulwavu, Semboja alikuwa na kitu ambacho Vuga haikuwa nacho. Vita vikaja, Vuga ikachomwa, na Wabondei wakatumia nafasi hiyo kuwaasi Wakilindi, uasi unaoitwa Kiva.

Semboja aliposhinda hakuhamia Vuga. Alimweka mwanawe kule juu, yeye akabaki Mazinde. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku ufalme wa Usambara ulipokwisha, kabla Mjerumani hajashusha hata sanduku moja. Kiti kilibaki mlimani, nguvu ikashuka barabarani. Na njia zile zile zilizopandisha chumvi zikaanza kushusha mateka waliotekwa kwa jirani, kwenda kuuzwa pwani. Mama aliyetoka kuchota maji hakuwa na hakika ya kurudi.

Wajerumani walikuta mpango huo wakaumwagia chuma. Reli ilianza Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902 na Mombo 1905, ikifuata bonde, si mlima. Mwaka 1902 kituo cha utafiti wa mimea kilianzishwa Amani, na reli ndogo ya Sigi ikajengwa kutoa magogo. Nyumba ya stesheni yake ndiyo leo inawapokea wageni wa hifadhi. Huko Lushoto, waliyoiita Wilhelmstal, mwanamume alipewa kipande: afanye kazi siku 30 ndani ya miezi minne kwa mzungu, la sivyo apelekwe kazi za serikali. Njia ya kwenda sokoni ikawa ndiyo njia ya kwenda shambani kwa bwana.

Leo ubao ulioko Amani utakueleza habari za kile kiua cha zambarau kilichopelekwa Ulaya na Walter von Saint Paul-Illaire miaka ya 1890, ambacho sasa kimejaa madirishani dunia nzima. Sawa, kiua ni kizuri. Lakini hifadhi hiyo ya mwaka 1997 ina majirani, na baadhi yao, wa Derema, waliachishwa mashamba yao ya iliki ili vipande vya msitu viunganishwe, wakabaki kudai fidia kwa miaka. Njia zao za shambani ziko ndani ya mpaka sasa. Mgeni akilipa kiingilio anapita humo na mwongozaji. Mwenye iliki yake ya zamani akionekana humo na panga, ana maswali ya kujibu.

Siku ya soko, Soni, bado utawaona akina mama wakishuka alfajiri na matenga kichwani, kabichi, maharage, matunda. Wanakata kona zote za barabara ya lami kwa kupita njia za mkato, zile zinazokwenda moja kwa moja. Vuga haiko mbali na hapo. Ukiwauliza njia ya kwenda huko watakuonyesha kwa kidevu, mikono ikiwa imeshika mzigo.