Sifa za Fasili Bora ya Neno

Fasili ni maelezo yanayobainisha maana ya neno na kulipambanua na mengine. Fasili bora hutaja kwanza kundi la kitu, kisha sifa zinazokitenga na vingine vya kundi hilo. Kusema kwamba mbuyu ni mti hakutoshi, kwani mwembe pia ni mti.

Kosa la kwanza ni mzunguko: mwizi kuelezwa kuwa mtu aibaye, na kuiba kuelezwa kuwa kitendo cha mwizi. La pili ni mipaka mibaya. Anayemfasili ndege kuwa mnyama arukaye humwacha nje mbuni na kumwingiza popo. La tatu ni kutumia maneno magumu kuliko neno linalofafanuliwa.

Usahihi huu hauwahusu watunga kamusi pekee. Kifungu cha 260 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chamfasili kijana kuwa mtu aliyetimiza umri wa miaka 18 lakini hajafikisha 35. Mitaani, mtu wa miaka 40 huweza kuitwa kijana. Kikatiba, hawezi kudai nafasi iliyotengewa vijana. Fasili moja, basi, huweza kumpa mtu haki au kumnyima.