Sekunde 13 za Hispania

Tarehe 13 Juni 2019, Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli (UCI) lilitangaza kwamba Mhispania Juan José Cobo ameonekana na hatia ya kutumia njia zilizokatazwa, na kwamba ushindi wake wa mwaka 2011 katika mbio za kuizunguka Hispania, ziitwazo Vuelta, umefutwa. Aliyekuwa wa pili mwaka ule, kwa tofauti ya sekunde 13 baada ya majuma matatu ya mashindano, alikuwa Chris Froome. Habari hiyo ilimkuta kitandani, katika hospitali ya Saint-Étienne, Ufaransa. Siku moja kabla alikuwa ameanguka vibaya alipokuwa akiikagua njia ya mashindano mengine, akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Mwezi uliofuata, kwa kuwa Cobo hakukata rufani, Froome akatangazwa mshindi. Ilikwisha kupita karibu miaka minane.

Vijana wapenzi, Froome huyu si mgeni kabisa kwetu. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, katika familia yenye asili ya Kiingereza. Alipokuwa bado mtoto alikwenda kujifunza kwa David Kinjah, mwanamichezo Mkenya aliyewakusanya vijana wa Mai-a-Ihii, kijiji kilicho karibu na Kikuyu, akiwafundisha kupanda baiskeli na kuitengeneza pia. Kinga, kama tunavyoiita sisi, ambayo hapa Musumba hubeba makaa, unga na hata mgonjwa, kule ilikuwa shule. Froome aliipandia Kenya katika mashindano ya kimataifa hadi mwaka 2008, ndipo alipochukua leseni ya Uingereza.

Katika miaka hiyo ya Kenya kuna kisa ambacho wanaomsifu hukisimulia kwa kicheko. Mwaka 2006 alitamani kushiriki ubingwa wa dunia wa vijana huko Salzburg, Austria. Alipoona kwamba hatasaidiwa, aliingia katika barua pepe ya kiongozi wa shirikisho la Kenya, akajiandikisha kwa jina la kiongozi huyo. Ameyaeleza mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2014. Mimi sicheki sana. Kuandika kwa jina la mwingine bila idhini yake ni udanganyifu, ingawa mwenye kufanya hivyo ana njaa ya kazi na hana mtetezi. Nimekitaja kisa hiki ili msidhani kwamba nawasimulia habari za malaika.

Turudi Hispania. Mwaka 2011 Froome hakwenda kushinda. Kazi yake ilikuwa kumsaidia kiongozi wa timu yake, Bradley Wiggins, aliyekuwa amevaa jezi nyekundu ya anayeongoza. Kwenye mlima wa Angliru, ambao ni mkali kiasi kwamba wapandaji hodari huonekana kama watu wanaosukuma mzigo, Cobo aliwaacha wote akaichukua jezi. Siku chache baadaye Froome alishinda kwenye kilele cha Peña Cabarga, lakini Cobo alimng'ang'ania nyuma yake, na pengo halikuzibika. Tarehe 11 Septemba, mjini Madrid, Froome alisimama kwenye ngazi ya pili. Uingereza haikuwa imewahi kupata mshindi wa mzunguko mkubwa hata mmoja, na mwaka uliofuata dunia ilimsifu Wiggins kama wa kwanza, aliposhinda Ufaransa. Kumbe wa kwanza alikuwa huyu mzaliwa wa Nairobi, na hakuna aliyejua.

Cobo alinaswaje? Tangu mwaka 2008 shirikisho huweka kwa kila mpandaji kumbukumbu iitwayo pasipoti ya kibayolojia. Haiitafuti dawa yenyewe. Huifuatilia damu mwaka hadi mwaka na kuuliza kama mabadiliko yake ni ya kawaida ya mwili. Ilibidi iwe hivyo kwa sababu ya dawa kama EPO, iliyotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa figo: huuamuru uboho wa mifupa utoe chembe nyekundu nyingi zaidi, nazo hubeba oksijeni nyingi zaidi, kisha dawa hutoweka upesi mwilini. Kipimo cha siku moja huweza kuikosa. Katika kumbukumbu za Cobo za miaka ya 2009 na 2011 wataalamu waliona yasiyoelezeka.

Jezi, basi, imerudishwa. Lakini hasara kubwa zaidi haikuwa jezi.

Kati ya mwaka 1999 na 2005 Mmarekani Lance Armstrong alishinda mzunguko wa Ufaransa mara 7. Mwaka wa kwanza, Mfaransa Christophe Bassons aliandika waziwazi juu ya dawa katika mchezo huo. Wenzake wakamtenga, Armstrong akamwambia heri aondoke, naye akaondoka kabla mashindano hayajaisha. Mwaka 2012 Armstrong alinyang'anywa ushindi wote, na Januari 2013 akakiri. Nafasi zile 7 zimeachwa tupu hadi leo, kwa kuwa wengi wa waliomfuata nao walikuwa na madoa.

Miezi sita baada ya ungamo hilo, Froome alishinda mzunguko wa Ufaransa kwa mara ya kwanza. Aliposema kwamba zamani alidhoofishwa na kichocho, ugonjwa ambao sisi tunaoishi kando ya mito tunaujua, wengi walisema ni hadithi ya kufunika jambo. Mwaka 2015 mtazamaji mmoja alimmwagia mkojo barabarani, akimwita mla dawa. Mwezi Septemba 2017 mkojo wake ulikutwa na salbutamol, dawa ya pumu inayoruhusiwa kwa kiasi, iliyozidi kiwango. Tarehe 2 Julai 2018 shauri lilifungwa, shirikisho likasema hakuvunja kanuni. Hata hivyo wapo wasiosadiki mpaka sasa.

Vijana wetu walioshuka Kolwezi kuchimba kobalti wanalielewa jambo hili kuliko wasomi. Mchimbaji aliyepunjwa mara moja na mzani wa mnunuzi hautazami tena mzani wowote kwa amani, hata ule wa haki. Na mwenye mzani wa haki hana namna ya kumthibitishia.

Wala tusiseme kwamba haya ni ya Wazungu na baiskeli zao. Mkenya Rita Jeptoo alivuka wa kwanza katika marathoni ya Boston mwaka 2014. Baadaye alifungiwa kwa sababu ya EPO ileile, na ushindi ukapewa Mwethiopia Buzunesh Deba, aliyekuwa wa pili. Cheo alikipata. Fedha ya mshindi alikaa miaka mingi akiingoja.

Septemba 2025 ubingwa wa dunia wa baiskeli ulifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika Afrika, na majirani zetu walijipanga kwa maelfu kandokando ya vilima vyao kuwashangilia wapandaji. Medali zimekwisha kutolewa. Kwa kanuni za kimataifa, kesi ya dawa huweza kufunguliwa hadi miaka 10 baadaye. Kwa mbio zile za Kigali, ni hadi mwaka 2035.