Mgeni Wetu Isiolo, Ale Nini na Anywe Wapi?



Ndugu msomaji, kila tukifunga chuo narudi nyumbani na rafiki mmoja au wawili, na swali lao la kwanza huwa ni hilo hilo: "Hapa kwenu watu wanakula wapi?" Zamani nilikuwa nawapeleka pale steji, chipsi na soda, basi. Hadi siku moja mgeni akaniambia, "Lakini chipsi hata Nairobi zipo." Wallahi niliona haya. Nikaenda kuwauliza wazee na kusoma historia ya mji wetu, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza mwambie mgeni anywe chai. Usicheke! Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia (1914–1918), serikali ya Mwingereza iliwaweka Isiolo wanajeshi wa Kisomali waliomaliza kazi ya jeshi. Walikuja na dini yao, biashara yao, anjera yao na chai yao ya maziwa yenye iliki na tangawizi. Kwa hivyo ukikaa kwenye hoteli ndogo asubuhi, ukaletewa anjera na chai, jua kwamba unakula historia ya watu waliotumwa mbali na kwao, wakaamua kufanya hapa kuwa kwao. Waborana, Wasamburu, Waturkana na Wameru nao ni wenyeji wa mji huu, na kila mmoja ameongeza chake kwenye sahani.

Pili, aonje nyirinyiri. Hii ni nyama iliyokatwa vipande vyembamba, ikaanikwa, ikakatwa tena vidogo vidogo na kukaangwa, kisha ikahifadhiwa ndani ya mafuta. Hukaa muda mrefu bila friji. Enzi za ukoloni, kaskazini yote ilikuwa wilaya iliyofungwa, NFD, na mtu hakuingia wala kutoka bila pasi. Mifugo nayo ilisimamishwa karantini hapa Isiolo kabla ya kuuzwa kusini. Safari zilikuwa ndefu na kungoja kulikuwa kwingi. Chakula cha kungojea ni nyirinyiri.

Tatu, na hapa ndugu yangu nisikilize vizuri, ni maziwa ya ngamia. Vijana wengi tunayaonea aibu, eti ni ya watu wa bara-pori. Je, unajua yalitugharimu nini? Wakati wa vita vya Shifta (1963–1967), mwezi wa Juni 1963, DC wetu Daudi Dabasso Wabera na Chifu Haji Galma Dido waliuawa. Mwaka 1966 wafugaji wakalazimishwa kukaa kwenye kambi zilizolindwa, kama kule Garba Tula na Merti. Mnyama asipokwenda malishoni hufa. Wengine waliuawa kwa risasi, na familia nyingi zilibaki bila ngamia hata mmoja. Waborana huuita wakati ule Gaf Daba, yaani wakati wa kusimamishwa.

Basi maziwa haya kurudi mjini ni rehema ya Allah (S.W.) na jasho la akina mama. Wao ndio wanaoyakusanya kutoka sehemu kama Kulamawe, wanayatia kwenye madumu yaliyofukizwa moshi, kisha wanayapandisha basi hadi Eastleigh, Nairobi. Karo za watoto wengi wa hapa zimetoka kwenye madumu hayo. Ukimpita mama yule ukakimbilia soda, umempita aliyekusomesha.

Nasaha kidogo kwa mgeni: yanunue asubuhi yakiwa mapya, na uyachemshe, kwani maziwa mabichi huweza kuleta ugonjwa wa brusela. Kama ni mara yako ya kwanza, anza na kikombe kimoja ndani ya chai. Usiwe na pupa, tumbo litakushtaki!

Na mgeni akija mchana wa Ramadhan? Hoteli nyingi za Waislamu huwa zimefungwa. Asiyefunga, au msafiri mwenye ruhusa, usimwache na njaa. Mpikie nyumbani kwa heshima. Nabii Ibrahim (A.S.) alipojiwa na wageni asiowajua hakuwauliza kabila wala dini, alikwenda akawaletea ndama wa kuchoma. Magharibi ikiingia, mkalishe mkekani pamoja nanyi: tende, maji, sambusa, uji, kisha nyirinyiri na kikombe cha maziwa.

Mji wetu umewahi kumwaga damu kwa sababu ya kabila. Watu waliokula sahani moja huona uzito kuinuliana mkono. Kwa hivyo ukiniuliza leo mgeni ale wapi Isiolo, jibu langu ni fupi: kwanza kwako, halafu kwa jirani yako asiye wa kabila lako.

Allah atukubalie saumu zetu na aibariki riziki ya mama zetu. Amin.